Dubu Mwenye Mgongo wa Fisi

Katangi, Machakos
Novemba, 1999

Dada Marta mpendwa,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Barua yako ya mwisho ilieleza kwamba uvimbe umepungua lakini viatu vya kanisani bado vinakataa kuingia, nami nikacheka peke yangu, maana nakujua. Utakuwa umekwenda ibadani na kandambili, kichwa juu, ili mtu asithubutu kutazama chini. Wanao wazima? Na yule fundi aliyekula kiapo kwamba paa halitavuja tena, ameonekana, au bado mnaweka masufuria?

Mimi ukiniuliza hali nitakujibu ni mzima, kwa kuwa nakula na natembea. Zaidi ya hapo siwezi kusema, wala sikuandikii barua hii ili nikufiche.

Karatasi ikikufikia na matope usinilaumu. Nakuandikia nikiwa shambani kwa mama mkwe wangu, nimekaa juu ya jiwe, debe tupu kando yangu na kijiti mkononi. Kazi yangu tangu shule zifungwe ni kufukuza kanga, wale ndege wenye madoadoa ambao wewe ulisema ni wazuri. Kaa nao wiki moja halafu uniambie uzuri wao. Nikiandika mistari michache wananyemelea, inabidi nisimame nipige debe, kisha nirudi kutafuta nilikuwa nasema nini. Kwa hiyo maneno yakirukaruka ujue ni wao.

Nianze na lenyewe, maana wewe hupendi kuzungushwa. Mke wangu Kalondu hayuko nyumbani. Yuko kilimani pamoja na akina mama wenzake, wanangoja dunia iishe pamoja na mwaka huu, na kwa sababu inaisha hawakupanda. Bonde zima halikupanda, Dada. Mvua imekuja, mvua njema ambayo watu wa hapa wanasema hawajaiona kwa muda mrefu, na inanyeshea magugu. Hii ndiyo mvua yao kubwa. Ile ya mwezi wa nne huku ni ya kubahatisha tu. Namtaka arudi nyumbani kabla haijakatika. Ikikatika hatujatia mbegu ardhini, Januari itatukuta sote tuko hai na hatuna cha kupika, na yeye ndiye aliyewaambia wenzake wasipande. Sijui ataishi vipi na jambo hilo. Ndilo linaloninyima usingizi, si mwisho wa dunia.

Huko kwetu mtu analima shamba lake akitaka, na asipotaka shauri yake. Huku sivyo. Huku kuna mwethya, yaani kikundi cha akina mama wanaolima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na ndio waliochimba matuta yote yanayozuia udongo wa hapa usiende mtoni. Kalondu amekulia ndani ya mwethya. Alipojifungua, wao ndio waliompikia uji. Alipofiwa, wao ndio waliokaa naye. Mwenyekiti wao ni Mama Mwikali, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto, na nikuambie mapema kwamba si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningejua la kufanya.

Unajua tulimzika binti yetu, wajina wako, mwezi wa tano. Habari za homa ile nilikuandikia, sitazirudia. Ambalo sikukuandikia ni kwamba baada ya mazishi Kalondu hakulia. Alifua nguo zote za mtoto, akazianika, akazikunja, akarudi shambani. Watu wakamsifu kwa kujikaza. Halafu siku moja ya soko akaja mhubiri kutoka sijui wapi, na kipaza sauti juu ya gari, akahubiri kwamba mwaka elfu mbili hautaingia, na kwamba watoto waliokufa ndio watakaofufuka kwanza. Watu walinunua nyanya zao wakaenda. Kalondu alisimama pale mpaka gari likaondoka. Alipofika nyumbani ndipo alipolia, nami nikashukuru, mjinga mimi, nikadhani sasa atapona.

Yule mhubiri hajaonekana tena. Nasikia huko alikotoka anajenga nyumba ya mawe. Lakini Kalondu alizipeleka habari zile kwa Mama Mwikali, na Mama Mwikali ambaye mwenyewe amezika watoto akazisikiliza, na pole pole mwethya ukaanza kufunga na kuomba siku zile zile ambazo zamani ulikuwa unalima.

Sasa nikukumbushe kitu. Unakumbuka ulipougua malaria ile kali, mimi mdogo nimekaa mlangoni siruhusiwi kuingia? Ulimwambia Baba kuna malaika juu ya kabati na ana masharubu. Mama akaanza kuomba kwa sauti. Baba, naye ndiye mwalimu wa kanisa, mtu aliyewasomea watu Ufunuo miaka nenda miaka rudi, alikwenda mpaka kabatini akaigeuza picha ya yule askofu wa zamani, ikatazama ukuta. Akakuuliza, "Bado yupo?" Ukasema ameondoka. Ulipopona tulikuita Bibi Masharubu mpaka ukatuchapa.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Baba kuhusu siku ile. Aliniambia hata Yohana alikuwa mzee aliyefungwa kisiwani, aliyesomewa Danieli na Ezekieli tangu utotoni mpaka wale wanyama wakawa kwake kama picha za sebuleni. Akifumba macho ataona nini kingine? Chuoni wakanifundisha zaidi. Kwamba Danieli mwenyewe huenda aliandikwa baada ya mambo anayoyatabiri. Kwamba wanyama wenye mabawa walichongwa kwenye kuta za wafalme wa nchi zile kabla nabii yeyote hajawaota. Kwamba yule mnyama wa baharini ni Rumi, na walioandikiwa walijua ni Rumi, kama sisi tunavyojua anasemwa nani mtu akitaja serikali kwa sauti ndogo. Na kwamba ukisoma vizuri utaona kabla ya ono mara nyingi kuna njaa: mtu amefunga, amelia, amelala chini. Nilifurahia sana kuyajua hayo, Dada. Nilihisi kama nimefunguliwa dirisha. Nimeyafundisha Kidato cha Tatu kila mwaka na wanafunzi wangu wanafaulu.

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Walikuwa wameingia tuta la pili, kundi zima, na mkubwa wao hata hakukimbia, ametembea tu kama mwenye shamba.

Nilikuwa nasema kuhusu kufundisha. Ili wanafunzi waelewe, nilichora chati kwenye karatasi za manila, mnyama huyu na mahali alikotoka, yule na alikotoka. Unajua mimi na kuchora. Simba alitoka kama paka aliyenyeshewa. Dubu sijawahi kumwona maishani mwangu, kwa hiyo nilimchora nikimfikiria fisi, na mgongo ukateremka nyuma kama wa fisi, wanafunzi wakacheka mpaka kengele ikalia. Lile joka nililipaka rangi nyekundu nikafika tumboni wino ukaisha, na duka la hapa lilikuwa na kalamu ya buluu tu, basi mkia ukawa wa buluu. Chati hizo sikuziacha shuleni kwa sababu ya mchwa. Nilizitundika chumbani kwetu, ukuta ulio mbele ya kitanda. Mtoto alipougua, Kalondu alikaa kitandani akimpakata, na ukuta huo ndio aliokuwa akiutazama.

Mwezi wa tisa alirudi kutoka kilimani baada ya kufunga, midomo imepasuka. Nikampa uji, akaushika tu bila kunywa. Akaniambia ameona.

"Umeona nini?"

"Dubu. Ametoka kwa maji, mkubwa sana. Lakini mgongo yake imeshuka huku nyuma, ni kama hawezi kusimama vizuri."

Nikamuuliza kama ameona na joka.

"Nimeona. Ni nyekundu. Lakini kutoka hapa kwa tumbo mpaka mkia ni ya buluu. Mama Mwikali anasema hiyo buluu ni mvua yenye shetani amefungia."

Nilimshika mkono nikampeleka chumbani. Nikamwonyesha kwa kidole, hapa, na hapa. Nikamweleza habari ya fisi na habari ya wino. Nilisema kwa upole, Dada, nilijaribu kusema kama Baba. "Ni picha hizi umeziona, Kalondu. Umeziona kwa sababu una njaa, umechoka, na tumefiwa."

Alizitazama muda mrefu. Akagusa mgongo wa dubu kwa kidole. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa na huruma, ananihurumia mimi.

"Kwa hivyo ni wewe Mungu alikuonyesha kwanza," akasema. "Na hukutuambia."

Unaona nilipofika. Nilikuwa na ushahidi mkononi, ushahidi ambao wataalamu wa chuoni wangeutamani, nimeona kwa macho yangu ono linavyozaliwa na ukuta uliolizaa, na haukunisaidia hata kumfanya anywe uji. Alipokwenda kilimani niligeuza chati zote zikatazama ukuta, kama Baba alivyofanya. Aliporudi aliniambia ameona vile vile, ila safari hii joka limesogea karibu. Malaika wako aliondoka. Wa huku hakuondoka.

Nikaona labda nizungumze na akina mama wenyewe. Nikazikunja chati nikaenda nazo kwa Mama Mwikali siku ya maombi. Wakanipa kiti, wakaniheshimu, wakasikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye habari ya wino kuisha mmoja akaanza kulia. Mama Mwikali akaniambia, "Mwalimu, wewe hukujua unachora nini. Sisi hatukulaumu." Wakazichukua chati, wamezibeba vizuri kuliko nilivyozibeba mimi, wakapanda nazo kilimani. Nikirudi nyumbani njiani kuna mama mmoja aliyeniinamia. Mimi, Stefano, mtoto wa mwisho wa Baba, niliyeshindwa kuchora simba.

Ukiniuliza kwa nini sikubishana zaidi, nitakuambia nimebishana. Nikiwaambia siamini, wananifunulia mahali palipoandikwa kwamba wasioamini watatokea. Nikinyamaza, wanasema nimeguswa. Nikikasirika, wanasema adui anataabika. Hata mbio zangu za kupinga zimekwisha wekewa nafasi yake humo. Hawakuniachia pa kusimama.

Kisha ikaja siku ambayo nilidhani mlango umefunguka. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, watu wenye akili wakati huo wamekwisha chimba mashimo wanangoja tone la kwanza. Kalondu alikuja nyumbani mchana, akakaa jikoni kwa mama yake, akaniita.

"Baba Marta, mimi sioni mbele tena. Naona mpaka pale joka linasimama, halafu ni nyeupe tu. Wenzangu wananiuliza, sina kitu ya kuwaambia. Wewe ulionyeshwa ngapi?"

Nilielewa mara moja. Anaona mpaka chati yangu ya mwisho inapoishia. Ile ya kufunga somo, mji mpya na mambo yake, sikuwahi kuichora kwa sababu muhula uliisha.

Nikamwambia iko moja bado.

Usinihukumu haraka. Siku zile nilifikiri sana juu ya watu walioandika mambo yale ya kale, ambao nimewafundisha kwa kujiamini kana kwamba nilisoma nao darasa moja. Kila mara nilisema, huyu ameazima hapa, huyu ameongeza pale, huyu amejifanya ni nabii wa zamani. Sikuwahi kujiuliza alikuwa na hali gani siku aliyoshika kalamu. Labda alikuwa na watu wake wamekaa chini, wamekata tamaa, hawataki kula, na hoja zote zimemwishia. Labda alijua anatunga. Mimi nilijua natunga.

Nikachukua karatasi ya manila nikachora shamba. Nikachora matuta, na akina mama kwa safu, wameinama, majembe mikononi, na mbele ya kila mmoja shimo la mahindi. Juu nikaweka jua, na mtu mwenye kanzu nyeupe amenyoosha mkono kuelekea shamba, ili ieleweke kwamba ni amri. Nikaipaka kijani kadiri wino ulivyoruhusu. Nikaitundika chumbani bila kusema neno. Kalondu alilala chini yake siku mbili, akafunga, akarudi kilimani, na mimi nikamwambia mama mkwe aweke mbegu tayari.

Alirudi na Mama Mwikali na wengine nyuma yao. Nilitoka nje nikiwa na furaha, nakuambia ukweli, nilikuwa nimekwisha nunua chumvi na mafuta ya kupikia siku ya mwethya.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona," akasema. "Nimewaona wote wameinama. Walikuwa wanachimba makaburi yao. Kila mtu yake, wamepangwa mistari. Na yeye amesimama anawaonyesha mahali."

Nilitazama ile picha baadaye. Ni kweli, Dada. Kwa mkono wangu huu usiojua kuchora, mashimo yametoka marefu mno, na vile vichwa vimeinama. Hata mimi ningeona makaburi.

Tangu siku hiyo hawajashika jembe. Mvua ilishuka wiki iliyofuata wakaimba chini yake.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu kama wanavyoita mama hapa, haendi kilimani. Macho yake yamepoteza nuru, na anasema alingoja mwisho alipokuwa msichana, akangoja tena akiwa na mimba ya Kalondu, na sasa miguu haimruhusu kungoja kwa kupanda mlima. Nilimsihi amzuie mwanawe. Akaniuliza, "Nikimzuia, nimpatie nini badala?" Lakini siku mvua ilipoanza aliniambia nipande juu ya meko nikateremshe mahindi ya mbegu, yale yanayoning'inizwa kwenye moshi ili wadudu wasiyaguse. Mahindi meusi kama mkaa. Tukayapukuchua pamoja, yeye kwa kupapasa, akanipa na kunde na mbaazi ndani ya kibuyu.

"Panda," akasema.

Kwa hiyo nikapanda. Ng'ombe wa kulima ni wa Mama Mwikali, sikuweza kumwomba. Nilichimba kwa jembe tuta baada ya tuta, baada ya vipindi vya shule, na baadaye shule ilipofungwa kutwa nzima. Huku wanachimba vishimo vidogo kwa panga, mchomo mmoja umekwisha. Mimi sikujua, nilichimba kama mtu anayetafuta maji. Mwaitu alikuja na fimbo yake, akaingiza mguu katika shimo moja, ukazama. Akasema, "Mwalimu, unapanda mahindi ama unapanda mbuzi?" Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza nyumba ile kusikika kicheko tangu mwezi wa tano.

Na sikujua jambo jingine ambalo mtoto yeyote wa hapa angeniambia. Bonde zima likipanda, kanga na kindi wanagawana, kila shamba linapoteza kidogo na hakuna anayelia. Ukipanda peke yako, wote wanakuja kwako. Kila ndege wa nchi hii ya Yatta amesikia kwamba kuna mwalimu wa pwani ameandaa karamu. Asubuhi ya kwanza nilikuta safu nzima imefukuliwa, udongo umetawanywa. Nilipanda tena. Wakafukua tena. Mbegu za Mwaitu zimebaki za kiganja kimoja na hatutazipanda, atazirudisha moshini, anasema lazima kitu kibaki.

Nikuambie sasa siku ile ambayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Nilikuwa nachimba tuta la chini, lile linalopakana na ua wa minyaa alipozikwa mtoto. Mvua ya rasharasha. Nilikuwa nimechoka na mashimo yalikuwa yameanza kuwa madogo. Nikasikia wimbo uliokuwa ukishuka njiani umekatika. Nikainua kichwa, na akina mama wote walikuwa wamesimama njiani juu, wanashuka kutoka kilimani, wananitazama. Nikatazama nilichofanya kama wanavyokiona wao, na nikajua. Mtu mmoja ameinama katikati ya shamba, mashimo marefu kwa safu, tuta baada ya tuta. Nilikuwa nimewachimbia ile picha.

Kalondu akawaacha akashuka peke yake. Amekonda sana, Dada, gauni lile la samawati ulilomletea siku ya harusi linamzunguka. Akaja mpaka nilipo. Hakuwa na woga wowote. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza sahani yake ni ipi:

"Yangu ni gani?"

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema ni mahindi, Kalondu, ni mahindi na kunde, tazama. Nilitaka kusema rudi nyumbani. Nilisimama na jembe langu na mvua inaniingia shingoni.

Akaanza kutembea kando ya safu, anatazama shimo moja, anakwenda la pili. Akafika mwisho, karibu na ua, kwenye lile nililolichimba nikiwa nimechoka. Akasimama hapo.

"Hii ni ndogo," akasema.

Nikaliegemea jembe.

"Ni ya mtoto?"

Mungu anisamehe, sikujibu. Ningeweza kusema hapana, na sikuweza. Akachuchumaa akatazama ndani. Mbegu nilikuwa nimekwisha ziweka, mbili za mahindi na kunde moja, alikuwa anaziona. Akainuka, akalifukia kwa wayo wa mguu, udongo huku na huku, akakanyaga kidogo, vile vile akina mama wa huku wanavyofukia mbegu tangu wakiwa wasichana. Mguu wake ulijua, hata kama yeye alikuwa anafikiria jambo jingine. Kisha akapanda kwenda kwa wenzake na wakaendelea na safari. Mimi nikakaa chini matopeni nikalia kama siku ya mazishi, na Mwaitu alinisikia kutoka jikoni.

Basi ndivyo ilivyo. Sikuombi uje, najua mguu, na najua gari kutoka huko linavyochosha mtu mzima. Ningekuwa na la kuomba ningeomba unitafutie neno, wewe uliyeona malaika ukaambiwa si malaika ukakubali. Ilikuwaje ukakubali? Ulikuwa umechoka kumwona, au ni kwa sababu aliyekuambia ni Baba? Nijibu hilo hata kama huna jingine la kuandika. Nimesoma vitabu vya kutosha juu ya maono yanakotoka, na hakuna kilichonifundisha yanakokwenda mtu akitaka yaondoke.

Nisalimie wapwa zangu, na mkubwa aambiwe Mwalimu si jina la mtu, aniite mjomba. Nisalimie shangazi wa Kisauni na kikohozi chake. Msalimie mzee wa kengele ya kanisa, aliyekuwa akimwazima Baba miwani. Ukimwona fundi wa paa usimsalimie. Mwaitu anakusalimu kwa mikono miwili na anauliza kama bahari bado ipo, nimemwambia ipo.

Nilitaka kukomea hapo lakini sitaweza kulala nisipokuambia. Tuta la chini kanga walilifagia lote. Nilipita juzi asubuhi kuhesabu hasara nikakuta limebaki lile shimo la mwisho karibu na ua, lililokanyagwa vizuri kwa wayo wa mtu anayejua kazi. Limeota. Mahindi yote mawili na ile kunde. Nililipigia magoti, mimi mwenye kujua mambo haya yanatoka wapi. Nimelizungushia miiba.

Nikimwambia Kalondu limeota, unajua atasema nini. Atasema ni mtoto anafufuka, atawaita wote waje waone, na sitaweza kumtoa kilimani tena. Nisipomwambia, nitakuwa nimemficha kitu pekee ambacho mwaka huu amekipanda kwa mguu wake. Nimekaa hapa tangu asubuhi na debe langu, naangalia majani yale, na sijui. Kilimani wameanza kuimba, nasikia sauti yake ndani ya zao. Na kanga wanarudi, wanapitia upande wa ua. Acha nisimame.

Ndugu yako,
Stefano